Kuendesha ndege mezani: ekrani moja, mbili ama tatu?

Mokambo inajulikana juu ya malori. Ni posti ya mpaka katika teritware ya Sakania, jimbo la Haut-Katanga. Ngambo ya pili ni Mufulira, Zambia, na barabara inayokwenda Chembe inaanzia hapo kukata ile pembe ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia. Watu hawaendi Mokambo kutafuta ndege. Lakini mtu akipiga mstari kwenye ramani toka uwanja wa Luano, Lubumbashi, mpaka uwanja wa Ndola, mstari ule unapita upande wa Mokambo. Ni njia fupi, haifiki kilomita 200. Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, inaimaliza kwa karibu saa moja.

Saa hiyo moja, leo kijana anaweza kuifanya bila kutoka chumbani. Programu za kuigiza urubani ziko, zingine ni za bure, na zinaonyesha dunia nzima: Luano, Ndola, Goma, Kavumu, Kalemie, Bunia. Kiisha mchezo ukimwingia mtu, swali moja linakuja mbele ya mengine yote: nikamate ekrani moja kubwa, ama mbili, ama tatu sawa vile zile za video za Ulaya?

Swali linaonekana la watu wenye makuta ya kuchezea. Sivyo. Kwa familia nyingi ya kwetu, ekrani mbili za ziada ni minervale ya mtoto, ni mfuko wa unga, ni batri ya nyumba. Mtu akikosea kuchagua, hawezi kurudisha. Kwa hiyo ni vizuri kuelewa kwanza ekrani inafanya kazi gani, mbele ya kutosha hata franka moja.

Ekrani ni dirisha

Mtu akikaa mbele ya dirisha la nyumba na kutazama lupango, anaona kipande fulani tu cha nje. Akisogea karibu, anaona zaidi. Akirudi nyuma, anaona kidogo. Ekrani ni vilevile. Ukubwa wake peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni ukubwa pamoja na umbali wa macho. Mafundi wanapima kipande kile kwa digrii, sawa vile pembe za shuleni: mbele mpaka pembeni kabisa ni digrii 90, na kuzunguka kote ni 360.

Programu nayo inaweza kuambiwa ionyeshe digrii ngapi. Hapo ndipo wengi wanakosea. Tuseme ekrani kweli ni dirisha la digrii 41, lakini programu inalazimishwa kuingiza digrii 80 ndani yake. Inaweza, lakini inabana picha. Kila kitu kilicho mbele kinakuwa kidogo zaidi ya mara mbili. Pisti ya Luano, ambayo ina zaidi ya mita 3 000, inaonekana sawa kamba iliyotupwa mbali. Rubani wa mezani anafikiri bado yuko juu, kumbe magurudumu yako karibu kugusa. Anagonga chini, anarudia, anagonga tena. Anasema programu ni mbaya, ama mkono wake ni mbaya. Kumbe ni dirisha tu lililopangwa vibaya.

Kwa hiyo kazi ya ekrani nyingi si kupendeza. Ni kuongeza digrii za kweli, ili programu isihitaji kubana.

Hesabu kwa metre ya fundi nguo

Hapa kuna hesabu za mtu aliyekaa sentimita 70 toka kwenye ekrani, umbali wa kawaida wa meza. Ekrani inapimwa kwa inchi toka kona mpaka kona, lakini kinachohesabika hapa ni upana.

Ekrani ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Inatoa karibu digrii 41. Tatu zikizungushwa vizuri, ni karibu 124.

Ekrani ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60. Inatoa karibu digrii 46. Tatu ni karibu 139.

Ekrani ndefu ya inchi 34, ile pana iliyolala sawa mbao, ina upana wa karibu sentimita 80. Inatoa karibu digrii 60.

Televizio ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Inatoa digrii 68.

Tuangalie vizuri mbili za mwisho. Ile ndefu ya inchi 34 ni maarufu sana, na mara nyingi bei yake iko juu. Lakini televizio ya kawaida ya inchi 43 inaipita kwa upana, na kwa kimo inaipita mbali zaidi: sentimita 53 kwa karibu 34. Kimo ni muhimu katika ndege, kwa sababu juu rubani anatazama anga na pisti, chini anatazama vyombo. Ekrani iliyo ndefu lakini fupi kwa kimo inamlazimisha achague kimoja.

Televizio ina kasoro yake. Nyingi zinachelewesha picha kidogo, kwa sababu zinajaribu kuisafisha kwanza. Mkono unavuta, ndege inajibu nyuma. Dawa ni kuingia katika mipango ya televizio na kuweka hali ya mchezo, ile inaandikwa mode jeu ama game. Kama televizio haina hali hiyo, ni vizuri kuijaribu na ordinatere mbele ya kulipa.

Moja ama tatu. Mbili ina sharti

Kuna kanuni moja rahisi ambayo inaokoa makuta: kwa kutazama nje, ekrani ni moja ama ni tatu. Mbili kando kwa kando ni hasara. Sababu iko wazi: katikati ya ekrani mbili kuna ukingo wa plastiki, na ukingo ule unaangukia mbele ya pua ya ndege, mahali penyewe ambapo pisti inatakiwa kuonekana. Mtu anaweza kuiacha moja katikati na ya pili pembeni, lakini hapo anaona upande mmoja tu, kushoto ama kulia.

Ekrani ya pili ina maana kama kazi yake ni nyingine: kubeba vyombo. Inalazwa chini ya ile kubwa, na juu yake kunawekwa kipimo cha kimo, cha mwendo, dira, ramani. Kwa kazi hiyo ekrani ya zamani ya inchi 17 ama 19, zile za mraba zilizojaa kwenye maduka ya okazio, inatosha kabisa. X-Plane na Microsoft Flight Simulator zote mbili zinaruhusu kutoa vyombo fulani na kuvipeleka kwenye ekrani nyingine. FlightGear, ambayo ni ya bure, inaweza kutuma ramani kwenye telefone ama tablete kupitia Wi-Fi ya nyumba.

Ekrani tatu za nje, hizo zinaomba mambo mawili. La kwanza, zile za pembeni zizungushwe kumtazama rubani, si kuachwa kwenye mstari sawa vile picha ukutani. Kwa ekrani za inchi 24 na umbali wa sentimita 70, kila moja ya pembeni izunguke karibu digrii 41 kuelekea ndani. La pili, programu iambiwe kwamba ni madirisha matatu tofauti. Mtu akiunganisha ekrani tatu kuwa picha moja ndefu, sehemu za pembeni zinavutika, miti inanenepa, nyumba zinalala. X-Plane inaruhusu kupanga kila ekrani na pembe yake. Microsoft Flight Simulator iliongeza uwezo huo kwenye ordinatere mwezi wa tisa 2022. FlightGear inao pia, na inaweza hata kuunganisha ordinatere mbili ama tatu za zamani, kila moja na dirisha lake.

Goma na Ndola haziombi kitu kimoja

Mbele ya kuhesabu ekrani, mtu ajiulize anataka kuruka namna gani.

Kuna kuruka kwa macho. Ndiyo kazi ya ndege ndogo za mashariki, Cessna Caravan na Let 410, zinazopita kati ya milima na kushuka kwenye pisti za udongo. Chukua Goma. Uwanja uko zaidi ya mita 1 500 juu ya bahari, kaskazini kuna volkeno ya Nyiragongo inayokaribia mita 3 500, kusini kuna Ziwa Kivu. Mwezi wa kwanza 2002 lava ilifunika kipande cha pisti. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008 ndege ya aina ya DC-9 ilishindwa kuruka na kuingia katika mitaa ya Birere; wakaaji wa Goma hawakusahau siku ile. Mahali sawa hapo, rubani anazunguka uwanja akiutazama pembeni, kupitia dirisha la kushoto ama la kulia. Ana alama moja ya zamani: pisti ikifika nyuma ya bega, digrii 45 hivi, ndiyo wakati wa kuanza kugeuka. Mwenye ekrani moja ya digrii 41 haioni pisti hiyo kabisa. Mwenye tatu anaona digrii 62 kila upande, ambayo inasaidia sana, lakini hata yeye hafiki nyuma ya bega. Bado atahitaji kifungo cha kugeuza kichwa.

Hapa kuna njia ambayo wengi hawaijui. Programu ya bure inayoitwa opentrack inatumia kamera ndogo ya ordinatere kufuata kichwa cha mtu. Akigeuza kichwa kidogo kushoto, picha inageuka sana kushoto, na macho yanabaki kwenye ekrani ileile. Inaomba siku mbili tatu za kuzoea, na mwanga wa kutosha usoni. Lakini kwa mtu wa ekrani moja, inafungua madirisha yote ya ndege kwa bei ya kamera tu, na ordinatere nyingi za mkononi zina kamera tayari.

Kiisha kuna kuruka kwa vyombo, kazi ya ndege kubwa na kazi ya usiku. Njia ya Ndola ina historia yake hapo. Usiku wa tarehe 17 kwenda 18 mwezi wa tisa 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, ndege DC-6 iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka Léopoldville kwenda Ndola akutane na Moïse Tshombe. Ilianguka katika pori karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa. Sababu inabishaniwa mpaka leo. Umoja wa Mataifa uliifungua tena faili, na uchunguzi ukapewa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Watu wanaofanya safari ile mezani wanagundua jambo moja haraka: usiku, juu ya miombo, madirisha ya pembeni hayaonyeshi kitu. Ni giza tu. Ekrani tatu hapo ni tatu za weusi. Kinachomwongoza mtu ni kipimo cha kimo na dira, na vyombo vinavyosomeka vizuri vina thamani kupita dirisha la tatu.

Kwa hiyo anayependa ndege kubwa, mawingu na usiku, ekrani moja kubwa na moja ya zamani ya vyombo inamtosha. Anayependa ndege ndogo, milima na pisti za udongo, atazame opentrack kwanza, kiisha ekrani tatu kama bado anazihitaji.

Ordinatere itabeba?

Picha ya ekrani imetengenezwa na vidoti. Ordinatere inavichora vyote upya kila mara, na kwa kuruka vizuri inatakiwa kufanya hivyo angalau mara 30 kwa sekunde. Ekrani ya kawaida ya HD kamili ina vidoti milioni 2 na kidogo. Tatu ni milioni 6 na kidogo. Televizio moja ya 4K ina milioni 8 na zaidi. Maana yake, televizio moja ya 4K inaweza kuchosha kadi ya picha, ile mafundi wanaita karte grafike, kupita ekrani tatu za HD. Lakini televizio ya 4K inaweza kuambiwa ionyeshe HD tu, na mzigo unashuka mara nne.

Kwa upande mwingine, ekrani tatu zenye pembe tatu zinachosha ubongo wa ordinatere pia, kwa sababu inatengeneza dunia mara tatu, si mara moja. Ordinatere ambayo inajikaza kutoa picha 30 kwa ekrani moja haitabeba tatu. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: kwanza jaribu ekrani moja juu ya Lubumbashi yenyewe, mahali penye nyumba mingi. Kama hapo tayari inakwama, makuta yaende kwenye kadi ya picha, si kwenye ekrani.

Hesabu pia matundu. Ordinatere nyingi za mkononi zina tundu moja tu la HDMI. Kadi ya picha ya ordinatere ya mezani mara nyingi ina matatu ama manne, lakini si ya aina moja. Vile vifaa vidogo vya kuongeza ekrani kupitia USB vinafaa kwa kuandika barua. Kwa ndege vinachelewa.

Na tena konekshe. Microsoft Flight Simulator ya 2024 inavuta dunia toka intaneti wakati mtu anaruka, na wenyewe wanaomba angalau mega 10 kwa sekunde. Kwa forfe ya telefone hiyo ni moto ndani ya mfuko. X-Plane 12 na FlightGear zinaweza kuwekwa mara moja, mtu akachagua kipande cha Afrika tu, kiisha akaruka bila intaneti. Kwa wakaaji wengi wa mashariki, hilo peke yake linaamua.

Hesabu ya umeme

Mkoa wetu unajua delestaji. Kwa hiyo ekrani zihesabiwe pia kwa wati. Ekrani ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 25. Zile za zamani zenye taa za neon ndani zinaweza kula mara mbili yake, kwa hiyo okazio ya bei ndogo inaweza kuwa bei kali mwisho wa mwezi. Televizio ya inchi 43 ni kama wati 80. Ordinatere ya mezani yenye kadi nzuri ni kama wati 300 wakati wa kazi. Ya mkononi, kama 120.

Tuseme nyumba ina batri moja ya gari, volti 12 na ampea-saa 100, pamoja na ondilere. Ndani kuna wati-saa 1 200, lakini batri ya risasi isimalizwe zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Ondilere nayo inakula kidogo. Inabaki karibu 500.

Mwenye ordinatere ya mkononi na ekrani moja ya nje anatumia wati 145. Batri inampa saa tatu na dakika 25 hivi: toka Luano mpaka Ndola, kurudi, na kipande cha safari ya tatu. Mwenye ordinatere ya mezani na ekrani tatu anatumia wati 375. Anapata saa moja na dakika 20. Anafika Ndola. Kurudi, hapana.

Na kila mwenye ordinatere ya mezani aelewe hatari ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Regilatere nzuri inagharimu kidogo kupita ekrani tatu zilizoungua siku moja. Umeme ukikatika, ni vizuri kuchomoa kila kitu na kungoja dakika chache nyuma ya kurudi kwake.

Kununua okazio, kuvuka mpaka

Ekrani nyingi ni za okazio, na hilo si vibaya. Mnunuzi aombe iwashwe mbele yake, si dakika moja, angalau kumi na tano, kwa sababu taa ya ndani iliyochoka inaanza kucheza ikipata moto. Aonyeshwe picha nyeupe yote, kiisha nyeusi yote: nyeupe inafichua madoa na sehemu za manjano, nyeusi inafichua vidoti vilivyokwama. Asikilize kama inanguruma. Atazame matundu: yenye VGA peke yake itaomba kifaa cha kubadilisha. Na kwa ekrani tatu, zikamatwe za namna moja kwa siku moja. Kutafuta ya tatu mwaka ujao yenye kimo kilekile na rangi ileile ni kazi ya bure.

Wenye kununua ngambo, Mufulira, Kitwe ama Ndola, wataona plagi ya Zambia ina meno matatu mapana ya mraba. Haiingii kwenye priza za kwetu. Si tatizo kubwa, kwa sababu waya wa ekrani nyingi unachomoka nyuma, unabadilishwa na wa kwetu. Volti ziko sawa upande wote. Lakini mtu akikamata ekrani toka mbali zaidi, asome kibandiko cha nyuma: kama hakuandikwa mpaka 240, aiache.

Kitu kikipita mpakani kinatangazwa kwa DGDA. Kodi ya TVA peke yake ni asilimia 16, na juu yake kuna zingine. Kwa hiyo bei ya dukani Kitwe si bei ya nyumbani Lubumbashi. Ni vizuri kuuliza kodi mbele ya kununua, kutunza fakture, na kuomba karatasi ya malipo. Mara nyingi, ukijumlisha nauli na kodi, ekrani ya okazio ya mjini ndiyo inashinda.

Meza na chuma

Ekrani tatu za inchi 24 na miguu yake zinaweza kufika kilo 15. Meza isiyumbe. Ekrani nyingi zina mashimo manne nyuma, yaliyopangwa mraba wa sentimita 10 kwa 10. Mtu akipeleka kipimo hicho kwa sudere wa mtaani, anaweza kutengenezewa chuma cha kushikilia zote tatu, na za pembeni zikizunguka kwenye bawaba. Kimo cha katikati ya ekrani kiwe usawa wa macho. Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, kwa hiyo ordinatere isikae chini kwenye sakafu, na isafishwe kila mwezi.

Saa za mezani hazihesabiwi

Kuna jambo la mwisho, na wazazi ndio wanaolihitaji zaidi. Kijana anaweza kusema: papa, hii njo shule yangu ya urubani. Ni kweli nusu. Kanuni za kimataifa za ICAO zinaomba saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, na saa zisizozidi 5 tu ndizo zinaweza kufanywa kwenye simulatere, tena iliyokubaliwa rasmi, na mwalimu akiwa pale. Meza ya nyumbani haimo. Hata ikiwa na ekrani kumi, saa zake kwenye kitabu cha rubani ni sifuri.

Lakini faida iko. Mtu aliyezoea kusoma vyombo, kufuata orodha ya ukaguzi, kuongea lugha ya redio na kuhesabu upepo, akifika kwenye ndege ya kweli hapotezi saa za bei kali kwa kujifunza mambo ambayo angejifunza mezani. Na mambo hayo yote manne yanawezekana kwa ekrani moja.

Uwanja wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025 wakati wa vita. Kuna watoto wa kule ambao walibaki na njia moja tu ya kushuka juu ya pisti ile, ya mezani. Kwao na kwa wa Lubumbashi, mpango wa busara ni uleule: kuanza na ekrani iliyoko nyumbani, kupanga digrii zake sawasawa, kujaribu opentrack, kuongeza ekrani ya zamani ya vyombo. Nyuma ya miezi sita, kama kijana bado anakaa mezani kila jioni umeme ukiwa, na anashuka Luano bila kugonga, familia inaweza kuzungumza juu ya ekrani ya pili na ya tatu. Kama ameacha, hakuna aliyepoteza minervale.